Sahani ya Zaidi

Siku Zaidi alipoondoka, mkewe Siti alikuwa amepika wali na kambale wa nazi. Zaidi alisema anakwenda shambani Mtunda kuangalia ufuta, atarudi kula. Hakurudi. Miaka ikapita. Mama yake Zaidi, Bi Mwantumu, kila jioni alimpakulia sahani, na Siti, si mke si mjane, akaifunika kawa.

Aliyemchekesha Siti tena alikutana naye stendi ya Kibiti, wakigombea kivuli cha kibanda cha korosho. Tamimu, shati jeupe, viatu vumbi tupu, alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya saikolojia: asubuhi anatibu hospitalini, mchana anawahoji watu waliopotelewa na jamaa zao.

"Daktari usiye na sindano," Siti alimtania.

"Nina masikio, dada."

"Huku wenye masikio tunawaogopa, hupeleka maneno."

Hata hivyo alimpeleka mama mkwe wake kwa Tamimu hospitalini. Bi Mwantumu akaanza kupata usingizi. Siti akaanza kuvaa kanga mpya siku za kliniki. Kisha Tamimu akamuuliza bibi kama amewahi kufikiria kumsomea Zaidi hitima.

"Huyo anataka mwanangu afe apate pa kupita," Bi Mwantumu alisema walipofika nyumbani.

Siti alikumbuka jinsi Tamimu alivyomtazama, akaingiwa na shaka. Mara bibi akahamishiwa kwa mtaalamu mwingine, Yasmin, bila maelezo. Siti akaamini Tamimu ameshachota habari alizozitaka kwa utafiti wake. Simu zake akaziacha zilie, hadi siku moja akapokea.

"Ulitaka tumzike mume wangu ili unioe?"

Tamimu alijibu: "Lile neno la hitima nililisema kabla sijajijua. Nilipojijua, nilimwambia msimamizi wangu kwamba nampenda mkwe wa mgonjwa wangu. Ndiyo maana nikamwachia Yasmin."

"Kwa hiyo msimamizi wako kaambiwa kabla yangu."

"Wewe ungenifukuza."

"Ningekufukuza," Siti alisema, lakini simu hakuikata.

Alimsadiki nusu. Nusu nyingine ilibaki shaka, hadi jioni ambayo Bi Mwantumu hakupakua sahani ya tatu.

"Nimechoka kumpakulia asiyekula," alisema. "Na wewe nimekufunga, mwanangu. Mwite shehe."

Shehe akawapeleka kwa kadhi, naye kadhi akaamua kwamba Zaidi ahesabiwe amekufa. Hitima ikasomwa. Tamimu yuko Dar anaandika tasnifu yake. Kumposa Siti bado hajaruhusiwa. Siti amekaa eda, amevaa nyeupe. Simu yake imezimwa, anayo Bi Mwantumu hadi eda iishe.