Nundu Iliyopakwa kwa Wivu

Kopo lilikuwa moja, wanaolitaka wawili. Katika duka la rangi lililofurika mafundi, Binti Vanishi alidaka kopo la mwisho la rangi nyeusi ya mbao, akakuta vidole vya mwanamume vimeshalishika upande wa pili.

"Achia, kaka."

"Niachie wewe, dada. Au tugawane, karakana yangu iko mtaa wa pili tu."

Walikwenda kugawana rangi, wakagawana na mioyo. Mwaka mzima yule kaka, Seremala, akaunda, Binti akapaka, wakawa chanda na pete. Ila Binti alikuwa na ugonjwa wake, nao ni wivu. Mwanamke akimwuliza Seremala saa barabarani, Binti hulala na kinyongo.

Basi akaja Bi Manukato, mteja, gauni la kijani limemkaa mwilini, marashi yakimtangulia mlangoni. Aliagiza kabati jeusi lenye milango ya nundu, yaani ule uvimbe wa mti ambao ukipasuliwa huonyesha macho na mawimbi ya rangi ya asali. Akawa anapiga simu asubuhi na jioni.

"Mpenzi, kabati langu halijambo?"

"Halijambo, dada," Seremala hujibu, na kucheka.

Kicheko hicho kilimchoma Binti. Kikamchoma zaidi siku Seremala aliposema, "Mwili wa kabati paka wewe. Nundu usiiguse, nitaimaliza mwenyewe."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Kumbe mikono yangu haifai tena, Binti aliwaza, kwa kuwa kabati ni la yule!

Seremala alipotoka kununua bawaba, simu aliyoisahau mezani ikaita. Kwenye kioo chake, jina la Bi Manukato. Binti hakupokea. Alibandua utepe wa karatasi uliokinga milango, akachovya kitambaa kwenye rangi nyeusi, akapaka nundu yote mpaka macho yakazama. Alipomaliza, hasira zikamtoka na hofu ikaingia. Huyu mwanamume ataniacha, na atakuwa na haki.

Seremala alirudi, akasimama mbele ya kabati, bawaba mkononi.

"Umefanya nini, mama?"

"Nimepaka. Si mpenzi wako huyo? Mbona nundu yake nisiiguse?"

"Anamwita mpenzi kila mtu, hata paka wa hapa!" Sauti ilimpanda. "Vinia ya nundu, ule ubao wa kubandika juu ya mlango, ilikuwa moja, nyembamba kama karatasi. Nilisema moyoni, ikiharibika, niiharibu mimi, mteja anitukane mimi. Sikutaka utukanwe wewe."

Binti akaketi juu ya magogo, akalia bila kuficha. "Nisamehe. Wivu umenitia wazimu."

Seremala alipitisha kidole juu ya mlango uliopakwa. Kisha akamtupia msasa laini. "Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Sugua."

Alisugua taratibu, maana akizidisha kidogo vinia itatoboka. Asali ikarudi polepole, lakini weusi ulikataa kutoka machoni na kwenye mawimbi. Kila jicho likabaki na wanja wake. Wote wawili wakaukodolea macho uzuri huo.

Seremala akachukua simu, akampigia Bi Manukato na kuweka spika. "Dada, milango imebadilika. Imeingia rangi nyeusi, na sasa inang'aa vingine. Njoo uione, usipoipenda nitatafuta nundu nyingine."

"Ee! Nani kaipaka?"

"Mke wangu."

Msasa ulimdondoka Binti, aliyekuwa amerudi kuketi magogoni. "Mke gani? Una mke, wewe? Tangu lini? Anakaa wapi?"

"Kakaa juu ya magogo yangu, machozi yamemchafua uso," Seremala alisema, kicheko kikimshinda. "Kama atanikubali, lakini."

Binti alijifuta uso kwa mkono wenye rangi, akaupaka weusi mpaka shavuni. "Nimekubali. Ila huyo Manukato mwambie aache kukuita mpenzi."

"Mwambie mwenyewe. Bado yuko hewani, anatusikia."

Binti akainyakua simu.

"Shikamoo, dada. Kabati njoo ulitazame, ni lako. Huyu mpenzi mwache, ana mwenyewe."