Kipua na Mboga Zisizochambuliwa

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare yake ya shule na kuianika, Kipua alichukua kikapu na kwenda kuchuma mboga za porini. Pori lenyewe halikuwa mbali, wala halikuwa la kutisha. Ulikuwa uwanja wa zamani wa kufyatulia matofali, nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa. Tangu wafyatuaji walipohama, uwanja ulikuwa umejaa mchicha pori, mgagani na mnavu. Watu walipita hapo kila siku wakikanyaga chakula bila habari. Kipua alijua.

Alifundishwa na bibi yake, aliyemlea tangu alipokuwa hajaanza kutembea. Bibi ndiye aliyempa jina hilo, maana mtoto hakuweza kushika jani bila kulinusa. Kwa bibi, kuchuma ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kuchambua, na mboga zilichambuliwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa macho, jani moja moja juu ya ungo. Mara ya pili kwa pua, kila jani la shaka likifikichwa na kunuswa. Mara ya tatu ndani ya maji ya kuoshea, kwa sababu jani likilowa huonyesha vizuri mishipa yake. Jani lisilojulikana lilitupwa, hata kama ungo ungebaki mtupu. Bibi alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa hilo.

Bibi alifariki, na Kipua akahamia mjini kwa shangazi yake. Sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu ahamie. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na wote wawili walikaa katika chumba kimoja: kitanda upande huu, cherehani upande ule, katikati vipande vya vitambaa. Shangazi hakuwa mkali. Alikuwa mkimya tu, tena ukimya wa kupitiliza. Aliweza kushona kutwa nzima asiseme zaidi ya "nipe mkasi" na "funga mlango". Kipua aliona kwamba shangazi amebebeshwa mzigo asioutaka, akajitahidi asimsumbue. Kitu kimoja tu kilimfanya ajione ana faida pale nyumbani, nacho ni mboga zake. Jumamosi shangazi alikula, akamaliza sahani, akasema, "Mboga tamu." Maneno hayo mawili Kipua aliyatunza wiki nzima.

Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Wakati wa mapumziko wenzake walikuwa na makundi yao, naye alisimama karibu na bomba akijifanya ana kiu. Alikunywa maji mengi sana muhula ule.

Jumamosi moja, akiwa njiani kwenda uwanjani, aliwakuta wasichana wanne wa darasa lake wakiruka kamba. Mmoja wao akamwita.

"Wewe mgeni, njoo. Tunataka mtu wa kuzungusha."

Kipua alifurahi hata akasahau alikokuwa akienda. Aliweka kikapu chini, akashika ncha ya kamba. Alizungusha mpaka mkono ukauma, akabadilisha mkono, akaendelea. Hakuna aliyemwambia, "Sasa ruka wewe." Hata hivyo hakuondoka, kwa kuwa kusimama tu pamoja na wenzake kulikuwa kitu kikubwa kwake. Walipochoka, walikunja kamba yao wakaenda zao wakicheka, bila hata mmoja kugeuka kumuaga. Jua lilikuwa limepanda, na kikapu kilikuwa kitupu.

Akatoka mbio. Hakufika hata uwanjani. Aliishia kwenye ukingo wa jalala, mahali ambapo hakuwahi kuchuma, akavuna kwa mikono miwili: mnavu, na majani mengine yaliyofanana na mnavu. Harufu nzito, mbaya, ilibaki vidoleni mwake. Pua yake iliisikia vizuri. Akajiambia kwamba ni harufu ya jalala.

"Umechelewa," shangazi alisema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Mboga zimepungua siku hizi, shangazi. Nimekwenda mbali."

"Umechambua?"

"Nimechambua."

Uongo wa pili ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Alizisuuza mara moja tu, akazikatakata, akazipika kwa kitunguu na chumvi. Alimpakulia shangazi. Kabla hajajipakulia mwenyewe, akatumwa apeleke gauni kwa mteja wa mtaa wa pili. Mteja huyo alikuwa na maringo. Alilijaribu gauni mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule, na Kipua akaambiwa asubiri. Aliporudi nyumbani, saa nzima na zaidi ilikuwa imepita.

Alimkuta shangazi ameketi sakafuni. Uso wake ulikuwa unawaka, midomo imekauka, na mboni za macho zimepanuka hadi macho yote yakaonekana meusi. Vidole vyake vilikuwa vikivuta uzi hewani, mahali pasipo na uzi, vikiutia kwenye sindano ambayo haikuwepo.

"Shangazi?"

"Mama," shangazi alisema, akimtazama bila kumwona. "Mbona umeondoka bila kuniaga? Nilikuwa nakuja. Nilibakiza pindo moja tu."

Kipua alielewa kwamba shangazi anaongea na bibi. Alikimbilia kwa jirani yao, fundi seremala.

"Mjomba, shangazi anaumwa. Hanijui."

Seremala hakuuliza mara mbili. Alipakua mbao kwenye mkokoteni wake, akamlaza shangazi juu ya magunia, na wakaenda zahanati, yeye akivuta na Kipua akisukuma.

"Ameanza lini?" muuguzi aliuliza huku akimpima joto.

"Leo hii hii," seremala alijibu. "Asubuhi alinisalimia vizuri. Mimi nasema ni malaria, imempanda kichwani."

"Inawezekana. Amekula nini?"

"Mboga za porini, lakini hizo usiwe na wasiwasi nazo. Huyu mtoto anazijua mboga kuliko mimi ninavyozijua mbao."

Wote wawili wakamtazama Kipua. Kama angesema, asingekuwa tena mtoto anayezijua mboga, na zaidi ya hapo hakuwa na sifa nyingine. Shangazi akimfukuza, angekwenda kwa nani? Hakuwa na mwingine duniani. Akainamisha kichwa, akaona vidole vya shangazi juu ya shuka vikiendelea kuvuta ule uzi usiokuwepo.

"Sikuzichambua," alisema. "Nilimdanganya kwamba nimechambua. Kulikuwa na majani nisiyoyajua. Yalikuwa yananuka, nikayapika hivyo hivyo."

Muuguzi aliweka chini alichokuwa ameshika. "Yamebaki?"

"Vikonyo viko kwenye ndoo ya taka, na majani mawili matatu."

"Kimbia ukavilete vyote. Usionje kitu."

Kipua alikwenda na kurudi kabla seremala hajamaliza kujifuta jasho. Muuguzi alivitandaza vikonyo juu ya karatasi, akafikicha jani moja, akalinusa. "Huu si mnavu," alisema. "Huu ukikomaa hutoa maua meupe marefu na matunda yenye miiba. Ni sumu." Papo hapo akamwita daktari, na mlango ukafungwa.

Seremala alirudi kufunga karakana yake. Kipua alibaki peke yake kwenye benchi la ukumbini. Watu walipita na kadi zao mkononi, wengine wakibeba watoto, na kila mmoja alikuwa na mtu wake. Hakuna aliyemgombeza. Afadhali angegombezwa, kwa maana ukimya ule ulimuuma kupita maneno.

Jua lilikuwa linatua muuguzi alipotoka na kuketi kando yake.

"Moyo wake umeanza kutulia. Atalala hapa, na akiendelea hivi kesho atarudi nyumbani." Akamgeukia Kipua. "Sikiliza, binti yangu. Kuchuma jani baya kunaweza kumtokea hata mzoefu. Kosa lako ni kusema umefanya kazi ambayo hukuifanya. Lakini usingesema ukweli pale chumbani, tungehangaika na malaria, na saa zingepita. Ukweli wako umetusaidia sana."

Kesho yake mchana shangazi alirudi nyumbani akiwa dhaifu, lakini akili zake timamu. Kipua alimkorogea uji, akauweka mbele yake, akasimama mlangoni.

"Nisamehe, shangazi. Sitachuma tena."

"Nani amekuambia uache kuchuma? Utachuma, na utachambua mara tatu kama ulivyofundishwa." Shangazi alipuliza uji. "Kwa nini hukuniambia? Siku moja bila mboga tungekunywa chai na mkate."

"Niliogopa utaniona sina kazi hapa."

Shangazi aliweka kikombe chini. "Mtoto wewe. Sikukuchukua kwa ajili ya mboga." Kisha akauliza, "Nilisema nini jana nilipopotewa na akili?"

"Ulikuwa unamwita bibi. Ulisema ulibakiza pindo moja tu."

Machozi yalimtoka shangazi, naye hakuyafuta. "Niliambiwa mama anaumwa, nikasema nimalize gauni la watu kwanza. Nilipofika, alikuwa ameshazikwa. Tangu hapo sina la kusema. Na wewe nilidhani ukisikia namtaja utalia, nikaona heri ninyamaze."

"Mimi nilidhani hunitaki."

"Basi sote wawili tumekuwa tukificha," shangazi alisema. "Sikia nikuambie, na ulishike. Ukikosea, niambie hapo hapo, hata kama mdomo unatetemeka. Ukinidanganya, wewe unabaki peke yako na kosa lako, na mimi nabaki peke yangu na sumu tumboni. Hakuna wa kumsaidia mwenzake. Umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi. Kuanzia leo."

"Kuanzia sasa. Kuna jambo jingine unalonificha?"

Kipua alitazama sakafu. Alitaka kusema hakuna. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, kama alivyozoea.

"Shuleni sina rafiki hata mmoja," alisema.

Shangazi alisukuma vitambaa pembeni na kumwonyesha nafasi kitandani. "Keti hapa," alisema. "Nieleze tangu mwanzo."