Mvua ya Fabiola, Jua la Gisubizo

Mvua ile ya Septemba 2001 haikumpigia mtu hodi. Ilishuka tu juu ya soko la Virunga, mjini Goma, na wauza bati, wauza dagaa wa sambaza na wanunuzi wao wote wakakimbilia chini ya mahema. Mwanamke mmoja tu alibaki katikati ya njia, libaya yake, blauzi ya kitenge cha kijani, imemganda mwilini, uso ameuinua juu, anatabasamu.

"Mama, utagonjwa!" Kijana mmoja akamfuata mbio, ameshika kipande cha mfereji wa bati juu ya kichwa chake. Akakisogeza ili amkinge na yeye. Loo! Maji yote yaliyokuwa yamejaa mle ndani yakamwagika shingoni mwa yule dada.

Kijana akaganda. Dada akacheka mpaka akajishika magoti.

"Wewe uko fundi wa nini?"

"Wa mifereji, mama. Na tanki za maji. Jina ni Gisubizo."

"Basi batu ba Goma watakufa na kiu. Na usiniite mama. Niko Fabiola."

Alikuwa fundi cherehani, Munande kwa kabila, wa Butembo, kule milimani kwenye ukungu na mvua, na alikaa mtaa wa Majengo katika nyumba ya mbao aliyoachiwa na shangazi yake. Sasa ujue jambo moja: Goma imekaa juu ya jiwe la volkano, na jiwe halishiki maji. Kisima hakuna. Unakunywa maji ya paa lako, au unabeba bidoni kutoka ziwani. Kwa hiyo wiki ile ile Gisubizo alipanda paa la Fabiola akamfungia mifereji mipya, na kabla hajamaliza kupiga misumari wote wawili walikuwa wamekwisha kwa mapenzi.

Mapenzi yao yalikuwa na kasoro moja. Mvua ikinyesha, Fabiola aliimba, alishona, alipika foufou kwa watu sita. Gisubizo alikuwa bubu. Jua likiwaka na vumbi jeusi likipanda, Gisubizo alipiga miluzi juu ya mapaa, na Fabiola aligombana hata na cherehani. Watu wengine wanasema mtu hufinyangwa na majira aliyozaliwa. Mimi nilikuwa nikiwacheka, mpaka nilipowajua hawa wawili.

Desemba mvua ilikatika. Fabiola akafunga sanduku.

"Naenda kwa Papa Butembo, sikukuu ya Noël. Goma yenu ni jiwe na vumbi. Mimi ni mutu wa mvua, Gisu. Niko mugeni hapa."

"Nimekuomba ukuwe bibi yangu, na wewe unanijibu hali ya hewa?"

"Nitakujibu nikirudia."

"Kama utarudia!"

"Kama nitarudia, ndiyo!"

Akapanda lori. Mwaka ule waasi walioungwa mkono na Rwanda walishika Goma na waasi wengine walishika Butembo, na katikati, pale Kanyabayonga, kulikuwa na bunduki zao zinazotazamana. Malori ya biashara yalipita kwa bahati tu.

Tarehe kumi na saba Januari volkano ikapasuka. Moto ukakata mji vipande viwili, watu wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na magodoro vichwani. Kule Butembo Fabiola alikaa siku tisa bila kujua kama Gisubizo yu hai. Hakula, hakushona. Alimwomba Mungu amrudishie hata ule ububu wake.

Siku ya kumi jirani yake wa Majengo, Marcelline, alituma habari kwa phonie, ile redio ya upepo: "Nyumba yako imepona. Gisubizo muzima. Lakini alitoa mifereji yako yote, alimwaga maji ya tanki, alipakia bati hizo kwa kigari cha chukudu, akaenda."

Fabiola alishukuru, kisha akaumia moyoni. Mwanamume akivua alichokufungia juu ya paa, anataka akuambie nini tena? Akamwita kwenye phonie. Kwenye phonie mmoja husema, akimaliza anatamka "à toi", yaani zamu yako, ndipo mwenzake ajibu. Na benchi zima la wanaongoja linasikiliza.

"Gisu, uko muzima? À toi."

"Niko, sheri wangu! Nalala Himbi kwa rafiki. À toi."

"Ulitoa mifereji yangu? À toi."

"Nilitoa yote. Na maji nilimwaga. À toi."

Hakutaja sababu. Kwa mtu wa Goma, hata mtoto anaijua.

"Basi nimeelewa. Mimi nabaki kwetu."

Akaweka kipaza sauti, akatoka nje akilia. Hakusema "à toi". Kule Goma, Gisubizo alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, anangoja zamu yake.

"Songa, papa, wengine wanangoja," Bagalwa wa phonie akamwambia.

"Bado anasema," Gisubizo akajibu. Akangoja mpaka akatolewa. Alimwita tena mara tano. Fabiola alikataa kuja kwenye phonie. Na kwenda Butembo mwenyewe je? Kijana wa Goma, msema Kinyarwanda, pale kwenye kizuizi cha Kanyabayonga? Angeitwa mpelelezi kabla hajashuka kwenye lori.

Machi mvua ikarudi Butembo. Fabiola alikaa barazani akingoja furaha yake. Haikuja. Udongo mwekundu uliyanywa maji kimya kimya, na yeye akawa anatega sikio apate kusikia tanki likijaa.

"Mvua yako hii," baba yake, muzee Grégoire, akasema. "Mbona umenuna kama ni kiangazi?"

"Papa, sijui. Nimechoka na mvua."

Siku ile mama mmoja mchuuzi alifika kutoka Goma kununua maharage. "Majivu ya volkano yalijaa mapaa," alisimulia. "Tulikunywa maji yale, tumbo zilitukata! Wenye akili walitoa mifereji mapema, na kuificha wezi wasiiibe."

Fabiola alisimama. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. "Papa, niruhusu niende."

Muzee akamshika mkono. "Njia ikifungwa, sitakuona."

"Najua, Papa." Wote wawili walilia.

Kule Kanyabayonga, askari alimshusha kwenye lori peke yake. Mtutu ulikuwa karibu na kifua chake.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Goma."

"Wewe Munande. Goma ni kwenu tangu lini?"

Abiria wote walikauka. Fabiola aliinua kidevu. "Tangu nilipotoka, ndipo nikajua. Bwana wangu yuko kule."

Askari alimtazama sana. Kisha akapiga ubavu wa lori kwa kiganja. "Panda."

Aliingia Majengo manyunyu yakianza. Juu ya paa lake Gisubizo alikuwa akirudisha mifereji. Alimwona. Nyundo ikasimama hewani.

"Gisu, nilikuhukumu vibaya. Unisamehe."

Kimya.

"Nimepita bunduki, wewe! Sema hata neno moja!"

"Ni mvua," akasema. "Unajua vile niko. Swali langu la Desemba liko palepale."

"Kwetu mahari ni mbuzi, na Papa yuko upande ule wa vita. Hutaweza kumpelekea."

"Nitangoja njia ifunguliwe."

"Papa naye alisema hivyo hivyo. Mbuzi wangoje." Alifuta maji usoni. "Julai, jua likiwaka, nitakuwa mubaya, Gisu. Nitakugombeza bure."

"Nitapanda juu ya paa."

Fabiola akacheka huku machozi yanamtoka. Akatua sanduku mlangoni, akashika ngazi kwa mikono miwili.

"Basi maliza haraka, bwana wangu. Kesho tutakunywa nini?"