Sahani ya Mama Aika

Mbwa Jemedari aliingia langopimo, lango la kupimia wanyama, akihema, na lango zima likawaka. Miale isiyochoma ilipenya chini ya manyoya ikazitafuta mbavu zake, jicho la juu likamtazama kiuno, jingine la pembeni likamtazama tumbo. Kazi hiyo zamani madaktari wa mifugo waliifanya kwa viganja. Mbwa mwenye afya mbavu zake hazionekani, lakini ukimpapasa unazihisi mara moja. Ukimtazama kwa juu ana kiuno. Na tumbo lake limepanda kuelekea miguu ya nyuma. Jemedari hakuwa na hata kimoja. Kwa juu alikuwa gunia la mpunga lenye mkia.

"Nane," lango likasema. Kipimo kinaishia tisa, na afya ni nne au tano.

Ilikuwa mara ya pili kupimwa akakutwa mnene hivyo. Ikifika ya tatu, sheria ya jiji la Moshi haikuwa na huruma: mbwa anachukuliwa, anapewa mtu mwingine. Na Mzee Kileo, miaka themanini na miwili, hakuwa na kiumbe mwingine nyumbani tangu mkewe, Mama Aika, azikwe miezi minane iliyopita.

"Daktari, mwanangu, nakuapia. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hata mfupa simpi!"

Daktari Nanzia Mfinanga, aliyelibuni lango lile mwenyewe, alishasikia viapo vya wenye mbwa mpaka vikamchosha. Wote hawawapi kitu, na mbwa wao wote wananenepa kwa hewa! Lakini huyu mzee midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Basi twende kwako nikaone," akasema.

Walifika saa saba kasoro. Jemedari akazunguka nyuma ya nyumba, wao wakaingia jikoni. Mpishi-chuma alikuwa akipakua. Siku hizo kila nyumba ilikuwa na wake: anajua wakazi ni wangapi, anapika, anapakua, haulizi. Alipakua ndizi nyama, sahani mbili.

"Mzee, una mgeni?"

"Hapana. Hiyo ya Mama Aika," mzee akajibu, bila wasiwasi wowote.



Kumbe mpishi-chuma hafuti jina la mtu mpaka mwenye nyumba atamke kwa sauti yake kwamba mtu huyo amefariki. Waliomtengeneza waliona ni ulinzi wa maana, asije mtu akanyimwa chakula kwa makosa. Hawakumfikiria mtu ambaye neno lile lingemkaba kooni.

Mzee aliibeba sahani mpaka chumbani, akaiweka juu ya kigoda kando ya kitanda kilichotandikwa, kisha akamwongoza daktari barazani.

"Tumpishe," akanong'ona. "Mikono ilipoanza kumtetemeka, akawa anaona haya kutazamwa akila. Mimi humsubiri hapa."

Wakakaa. Nyumba kimya. Halafu, kule ndani, sahani ikagonga kigoda. Ikagonga tena. Mzee akafumba macho, uso wake ukalegea kwa raha.

"Unasikia? Siku hizi anamaliza yote."

Nanzia, msomi wa watu, nywele zilimsimama. Akainuka, akanyata mpaka chumbani, akasukuma mlango. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na Jemedari alikuwa ametumbukiza pua ndani ya sahani, mkia ukipigapiga kitanda cha marehemu.

Aliporudi barazani hakujua aanzie wapi. Mzee akamwokoa.

"Usiniambie, mwanangu. Nilichungulia siku ya tatu tu. Ila nikifumba macho, ni yeye."

"Watamchukua Jemedari, mzee."

 Mzee akaenda jikoni, akasimama mbele ya mpishi-chuma kama yuko mbele ya hakimu. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili akasema, "Mama Aika amefariki."

"Pole sana," mashine ikajibu. "Kuanzia jioni ya leo, sahani moja."

Basi mbwa akapungua vizuri. Baada ya miezi mitatu walirudi kupimwa mara ya tatu, Jemedari na kiuno chake. Lakini siku hizi alikuwa amezoea kutembea ubavuni mwa bwana wake, akagoma kabisa kuingia langoni peke yake.

"Ingia naye tu, mzee," Nanzia akasema, akicheka.

Lango likawaka.

"Wa kwanza, tano," likasema. "Wa pili, mbili. Mbavu zinaonekana kwa macho."

Kicheko kikamkauka daktari. Ndipo alipoliona shati la mzee linavyoning'inia. Miezi mitatu alikuwa akiuliza habari za mbwa tu.

"Mzee, huli?"

"Nakaa mezani, mwanangu. Peke yangu chakula hakiteremki."

Lango halikujua mtu wala mbwa, likaendelea na utaratibu wake. "Mnyama wa pili hajaandikishwa. Taja mwenye kumtunza."

Nanzia alikimbilia kulizima, maskini, lakini mzee aliwahi kujibu.

"Alikuwepo," akasema.