Msemaji wa Tisa

Jumamosi saa nne asubuhi, bucha za sokoni Eldoret hazina mzaha. Foleni hufika nje, shoka linapasua mifupa, na kila mtu anaapa kuwa yeye ndiye aliyetangulia. George Okumu alikuwa katikati ya foleni hiyo, simu sikioni, akimsikiliza mama yake akiagiza kwa Kijaluo kutoka nyumbani Langas. Nyama kilo moja. Mifupa ya supu. Na mbwa naye asisahauliwe.

"Nimesikia, mama," George akajibu, kisha akarudia lile agizo la mwisho ili mama aridhike. "Chogo mar guok."

"Samahani," sauti ikasema nyuma yake. "Rudia hapo."

Aligeuka. Alikuwa dada mwembamba aliyevaa sweta ya kijani, mikono imevutwa mpaka viwikoni, na raba nyeupe zilizokwisha kuonja matope ya mji huu. Mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa selotepu. George alikuwa fundi wa miwani, na ile selotepu ilimuuma kuliko swali lenyewe.

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya mfupa. Ni mfupa wa kupea mbwa, si ndio?"

"Ndio. Wa kupea mbwa."

"Sasa kama ni wa mbwa mwenyewe? Yaani umepasua mbwa, ukatoa mfupa yake ya ndani?"

Bucha nzima ikageuka. Mwenye shoka akaliweka chini. Mama mmoja aliyekuwa ameshapokea mfuko wake akaufungua na kuichungulia nyama upya.

"Hiyo ni chok guok," George alisema polepole, kwa kuwa alikuwa ameulizwa na hakuona njia nyingine ya kutokea. "Lakini dada, hapa ni kwa watu. Punguza sauti."

Dada yule hakupunguza chochote. Alichomoa daftari na kuandika akiwa amesimama, macho yakimng'aa kama aliyeokota pesa.

"Unaona hiyo? Kwa Kiswahili zote ni mfupa wa mbwa tu. Kwetu Kikuyu pia ni hivyo. Lakini nyinyi mnatenganisha kitu mtu ako nayo na kitu iko kwa mwili yake. Na kuna watu wa visiwa huko Pasifiki, hata Kisumu hawajawahi sikia, nao wanatenganisha tu vile vile!"

"Na wewe hiyo inakusaidia na nini?"

"Ni kazi yangu. Nalinganisha lugha za dunia. Naitwa Nyakio."

"George. Mimi natengeneza miwani, na hiyo yako ni aibu. Kuja dukani nikufungie screw."

"Nikikuja utanipea sentensi?"

"Nitakupea mpaka uchoke, Mwalimu."

Hakuchoka. Nyakio alikuwa binti wa mwenye duka mtaani Munyaka, na alikuwa akisomea udaktari wa isimu katika chuo kikuu pale Chepkoilel, chini ya mwalimu wake Dokta Mideva. Tasnifu yake ililinganisha sarufi ya lugha sitini. Hamsini na nane alizitoa vitabuni. Mbili, Kikuyu na Kijaluo, alizitaka kutoka vinywani mwa watu wa Eldoret wenyewe. Kwa Kijaluo alihitaji watu tisa. Wanane alikuwa nao. George akawa wa tisa.

Hapo msomaji asije akadhani lilikuwa jambo dogo kwake. George alizaliwa Eldoret na kukulia Eldoret. Kila Desemba alipokwenda kwao Siaya, binamu zake walikuwa wakimwomba aseme kitu, chochote, ili wacheke. Walisema Kijaluo chake kimekaa na Wakalenjin mpaka kikasahau kwao. Alicheka pamoja nao, kwa maana ukichekwa ni heri ucheke pia, lakini lilimkaa rohoni. Sasa kulikuwa na karatasi ya chuo kikuu yenye jina lake, nambari tisa, na kando yake maneno "msemaji wa Kijaluo." Nyakio alipomwonyesha, aliipiga picha na kuituma Siaya bila neno lolote.

Basi kila Jumamosi alasiri alifunga duka mapema, akavaa shati la kupigwa pasi na kupanda Chepkoilel. Chumba kilikuwa kidogo chenye maikrofoni moja na dirisha lililotazama mashamba ya mahindi. Nyakio alimwonyesha picha: mkono wa mtoto, mguu wa meza, kichwa cha mbuzi kikiwa shingoni na kichwa cha mbuzi kikiwa sahanini. George akaeleza. Mwezi wa pili walianza kunywa chai kabla ya kazi. Mwezi wa tatu chai ikawa kabla na baada. Mwezi wa nne Nyakio alisahau kuzima maikrofoni, nao wakacheka kwa dakika arobaini juu ya mambo yasiyo na sarufi yoyote.

Na simu je? Jioni haikupita bila kupigiana.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, jaber?"

"Hiyo jaber umeniita, ni nini?"

"Ni mrembo. Andika kwa daftari."

"Sina daftari hapa. Nimelala."

"Basi nitarudia kesho."

George alimpenda. Tulitamke tu, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa amelitamka kwa kila mtu isipokuwa mhusika. Mama yake, Emmaculate Awuor, alijua. Majirani wa dukani walijua. George alikuwa akingoja siku nzuri.

Siku hiyo aliiona mwenyewe. Mwezi wa saba Nyakio alipaswa kuieleza kazi yake mbele ya walimu. Alimwambia George asije, kwamba ataboeka na kwamba baada ya hapo ana jambo la kumweleza. George akasikia lile la kwanza kwa sikio moja. Mwanamke gani hataki kuona mtu wake amekuja kumpigia makofi? Alivaa koti la buluu, akanunua maua mawili ya waridi, akaketi nyuma kabisa.

Nyakio alikuwa mbele na gauni la rangi ya udongo lililomkaa vyema, anaongea kwa utulivu. Alipofika kwa Kijaluo, orodha ya wasemaji ikatokea ukutani. George akaihesabu. Walikuwa wanane. Akaihesabu tena kutoka chini.

Mwalimu mmoja wa suti ya kahawia akainua mkono. "Ulituahidi watu tisa. Wa tisa yuko wapi?"

"Nimemwondoa," Nyakio alijibu. "Maneno yake hayawezi kutumika katika utafiti huu."

Hakuna aliyecheka, lakini George alisikia kicheko. Alikisikia chote, kuanzia kwa binamu wa kwanza hadi wa mwisho. Akainuka taratibu, akayaacha maua juu ya kiti na kutoka.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na laiti George angeuliza tungekuwa tumeshamaliza hadithi. Lakini mwanamume aliyeguswa pabaya haulizi, hununa. Simu ililia Ijumaa mara tano, Jumamosi mara nane. Hakuipokea. Jumapili mama yake alimtazama akikoroga ugali sahanini bila kula.

"Nyakio yuko wapi?"

"Yuko na Wajaluo wazuri," George akasema.

"Kwani wewe ni mbaya?"

George akaisukuma sahani kando. Aliifuta ile picha ya orodha kwenye simu yake, na ilimchukua muda mrefu kubonyeza.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa ikinyesha. Nyakio aliingia dukani na mwavuli unaodondosha maji. Macho yalikuwa yamemvimba. Hakusalimia.

"Simu yako imeharibika?"

"Iko sawa."

"Na mwenyewe?"

George aliendelea kusugua lenzi ambayo ilikuwa imeshang'aa. "Nilikuwa hapo, Nyakio. Kiti ya nyuma."

Nyakio alisogea hadi kaunta. "Kumbe yale maua yalikuwa yako."

"Ungeniambia tu. Ungesema, 'Fundi, Kijaluo yako ni ya mtaani, imechanganyika, haifai.' Ningeelewa. Si wewe wa kwanza kusema. Lakini kunifuta mbele ya watu kama kosa ya kuandika!"

"Nani amesema haifai?"

"Wewe!"

"Mimi nilisema haiwezi kutumika." Nyakio akaweka mwavuli chini kwa nguvu. Sasa alikuwa amekasirika pia. "George, kwani ulidhani natafuta Wajaluo wa Eldoret nione vile wamepotea? Kama nilitaka wa Siaya ningeenda Siaya! Nilitaka mtu amezaliwa hapa, amelelewa na Kiswahili na Kikalenjin na kila kitu, nione kama bado anatenganisha. Na wewe hukukosea hata mara moja. Wewe ndio ulikuwa msemaji mzuri kuliko wote."

"Sasa ukanitoa kwa nini?"

Alivuta kiti cha wateja na kukaa. Alieleza akitazama mikono yake.

Dokta Mideva alikuwa amesikiliza kanda ya mwezi wa nne, ile ya dakika arobaini. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akauliza: huyu ni msemaji au ni mchumba? Kwa maana kanuni ya utafiti haina mlango wa nyuma. Anayekupenda atasema unachotaka kusikia, hata asipojua. Maneno yake hayahesabiki.

"Na ni ukweli, Fundi. Mwezi wa tano ulianza kuniuliza, 'Unataka niseme aje?' Unakumbuka?"

George alikumbuka. Aliona haya mpaka masikioni.

"Akaniambia nichague. Niache kanda ama niache mtu. Nilienda nyumbani nikazifuta. Miezi sita. Sasa wamenipa mpaka Desemba nipate mtu mwingine wa tisa, la sivyo kazi inarudi nyuma mwaka mzima na ufadhili unaisha."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekubali?"

George asingekubali. Angesema shika kazi yako, mimi nitangoja. Angelisema kwa sauti kubwa ya kiume, na wangepotezana kwa heshima kubwa. Yeye alikuwa amelilia jina kwenye orodha, na huyu alikuwa amechoma nusu ya mwaka kwa ajili yake akiwa kimya. Lenzi aliyoshika ikaanza kuingia ukungu, akaiweka chini.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa mjinga. Ningeshika simu tu."

"Ulikuwa mjinga sana."

"Sana."

"Na mimi ningekwambia mapema." Akajifuta pua na kitambaa. "Tuko wawili."

Mvua ikapungua. George akalinyosha koti lake la kazi, kama mtu anayeanza biashara upya. "Desemba si mbali. Nipe hiyo fomu yenu. Nakuletea mama. Amekaa Langas miaka arobaini, na akianza kuongea hatanyamaza mpaka Krismasi."

Nyakio alisita, kisha akaitoa mkobani na kuilaza juu ya kaunta. George akajaza kwa herufi kubwa. Jina: Emmaculate Awuor. Makazi: Langas. Lugha za nyumbani. Umri, akaukisia kwa adabu. Akafika swali la tano, akalisoma kwa sauti: "Je, msemaji ana uhusiano wa damu, ndoa au mapenzi na mtafiti, au anatarajia kuwa nao?"

Kalamu ikasimama.

"Hii ya tano," alisema. "Hata mama mkwe anahesabika?"

Nyakio alitazama fremu zilizopangwa ukutani, moja baada ya nyingine. "Anahesabika."

"Na mjomba wangu, Opiyo?"

"Na yeye."

"Na dada zangu?"

"Ukoo mzima, Fundi. Kanuni ni kanuni."

George Okumu alilitazama jina la mama yake kwa muda. Kisha akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaigeuza fomu na kumrudishia.

"Basi tafuta wa tisa kwingine, nitakusaidia kutafuta. Lakini hawa wangu wote niachie, kuna mahali nataka kuwapeleka." Akaegemea kaunta. "Baba yako hupatikana nyumbani Munyaka Jumapili gani?"

Nyakio alivua miwani, kwa kuwa haikuwa ikimsaidia tena kuona.

"Zote," alisema. "Jumapili zote, George."