Kibodi ya Winifrida

Laptopu aliyoinunua Winifrida Kariakoo ilikuwa na kibodi inayowaka. Aliyofika nayo nyumbani Buguruni haikuwaka. Ilikuwa Jumanne, saa kumi jioni, mwaka 2010.

Macho yake yalikuwa yanakwisha. Herufi nyeusi hakuziona tena, zilizowaka aliziona. Alitaka kumwandikia mwanawe Selina, aliyeko Maskati, kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa miaka miwili mdogo wake Angelina, mwenye duka la intaneti Kariakoo, ndiye aliyemwandikia barua pepe na kumsomea majibu.

"Nimechoka kumpenda mwanangu kwa mdomo wa mtu," alimwambia jirani yake Vitalis, askari mstaafu. "Nitafutie mwizi, kaka."

Jumatano saa tatu asubuhi Vitalis alifika kwa Keyur, muuza laptopu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemuuzia mama asiyeona mashine kipofu."

Keyur alicheka. "Yule mama hadanganyiki. Alinifanya nishushe mlango wa duka mchana kweupe, apime gizani. Akasoma herufi moja moja mpaka Z. Saa nne na nusu hiyo, wateja wanagonga nje."

Winifrida mwenyewe alikuwa amesema vivyo hivyo. Basi dukani iliwaka.

Boksi lilibebwa na Ramadhan, mchukuzi. "Mzee, mimi nabeba majokofu," alisema. "Unishuku kwa kidude cha kilo mbili?" Alikuwa amelifikisha kwa Angelina saa tano, Winifrida akimfuata nyuma hatua kwa hatua. Winifrida aliliacha hapo pamoja na risiti, akaenda kliniki ya macho Upanga. Alirudi kulichukua saa tisa.

Vitalis akarudi kwa Keyur.

"Risiti yako inasema mali ikiuzwa hairudi. Jana ilirudi?"

Keyur alijikuna shingo. "Pesa ndiyo hairudi. Kubadilisha tunabadilisha. Saa saba alikuja mama mwingine na mashine ile na risiti yake, akataka ya bei ya chini, isiyo na taa. Nikamwambia chenji sitoi. Akasema sawa."

"Hakudai hata senti?"

"Hata senti. Nikajua ana haraka zake."

Saa nane mchana Vitalis aliingia na Winifrida kwa Angelina.

"Mwizi hakubali hasara," alisema Vitalis. "Aliyebadilisha hii hakutaka pesa. Alitaka dada yako asione. Risiti ilikuwa kwako."

Angelina alizima kompyuta iliyokuwa mbele yake.

"Dada, ungefungua barua mwenyewe."

"Ningeona nini?"

"Ungeona hakuna kitu. Selina aliacha kuandika. Na wewe kila Ijumaa unakuja na kanga safi, unakaa hapo unangoja. Nikaandika mimi."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Kuna mtu wa kwetu Masasi alionana naye mwezi wa tatu. Ameolewa. Alipotajiwa nyumbani, akabadilisha mazungumzo."

Winifrida alikaa.

"Ile ya kuota harufu ya korosho zikichomwa?"

"Yangu."

"Ile aliyosema anajifunza kupika ugali wa mtama kama wangu?"

"Yangu, dada."

Winifrida akaomba zihesabiwe, moja moja, kwa sauti. Angelina akawasha tena kompyuta, akahesabu.

Barua zilikuwa ishirini na tatu. Za Angelina ishirini na moja. Za Selina mbili.