Rangi ya Chini

Picha iligoma kukauka. Siku ya tatu Anuari aliigusa shavuni, kidole kikatoka na wekundu, na wekundu ule ulikuwa na uvuguvugu.

Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, nusu ya mabango ya maduka ya Musoma kayaandika yeye, sasa alikuwa anajifunza kuchora sura za watu kwa Sabiha, binti mdogo kwake kwa miaka kumi na tano. Sabiha alimpa rangi nne tu: nyeupe, nyeusi, njano na nyekundu. Akamwambia ngozi ya mtu yeyote imo humo, ila kitambaa kitangulie kupakwa rangi ya chini, ya udongo mwekundu, maana ndiyo inayoipa sura uhai. Udongo wenyewe alimchekechea, akamtilia kwenye kopo. Anuari akaumwaga wote kwa uzembe. Aibu ya kumwomba binti yule kopo la pili ikamshinda, akaenda kuchimba kwenye kichuguu kimoja huko Bweri, kile cha mzimu, ambacho watu hukimwagia maziwa na hakuna anayekigusa.

Juu ya udongo huo akamchora marehemu Enos, kwa kuiga picha ndogo aliyoletewa na mjane wake, Debora wa Buswahili.

Sabiha alipoikagua alikunja uso. "Kaka Anuari, mbona inanuka maziwa yaliyochacha? Udongo wangu huwaga haunuki."

"Ni ule ule ulionipa, mwalimu."

"Kweli?"

"Nitoe wapi mwingine?"

Masikio yalimwaka moto. Debora alikuwa amesimama pale pale na khanga ya kuifungia picha. Sabiha akamgeukia. "Basi chukua tu, mama. Udongo nilichimba mwenyewe, hauna neno."

Siku ya nne, mchana, Debora akapiga simu akinong'ona. "Fundi, Enos anahema."

Anuari alipanda pikipiki hadi Buswahili. Mlangoni harufu ya maziwa ilimpiga kabla hajapiga hodi, na ndani, mchana kweupe, alisikia kitambaa kikitafunwa kwa nyuma kama paa lililoingiwa na mchwa, na pale ukutani nyeupe, njano na nyeusi zote zilikuwa zimezama, sura imebaki nyekundu tupu, mashavu yakivimba na kushuka, na chini yake watoto wawili wa Debora wameketi kimya, midomo imejaa udongo, wakitafuna polepole kwa kufuata pumzi ya picha.

Mganga alikwishaitwa, Mzee Nyamhanga. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alichimba?"

Anuari alitazama miguu yake. Alitamani ardhi immeze.

"Mimi, mzee. Kwenye kichuguu cha maziwa. Nilimdanganya mwalimu wangu."

"Ikwangue mwenyewe. Mpaka ufike kwenye weupe."

Akaikwangua kwa kisu, akimfuta Enos paji la uso, macho, mdomo, udongo ukidondokea kwenye chungu cha mganga. Kuhema kukakoma. Watoto wakatema, wakaanza kulia.

"Ameondoka," alisema mzee.

Debora hakuinuka pale alipokaa. "Fundi, asubuhi aliniuliza kitu. Aliuliza nani alibomoa nyumba yake, akachimba udongo wake."

"Ukamjibuje, mama?"

"Nilimtaja Sabiha. Si ndivyo mlivyosema wenyewe, kwamba alichimba yeye? Akaniuliza anakaa wapi, nikamwelekeza."

Mzee Nyamhanga aliacha kufunga chungu, akamtazama Anuari. "Mpigie."

Anuari alitoka nje na simu, akalitafuta jina la Sabiha. Angemwambia atoke mbio nyumbani kwake kwa sababu gani? Mbele ya mganga na mjane alikwishasema, lakini kumwambia yule binti kulimshinda. Akasimama ukutani, kidole juu ya jina lake, akitafuta maneno ambayo yasingemwaibisha.